Namba Zinazokataa Kupangwa

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka hadi leo moyo unanidunda kwa furaha. Nilikuwa mwalimu kijana, nafundisha darasa la tano huko Masukulu, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na malori ya kununua ndizi kutoka Dar yakaanza kutufikia hadi vijijini. Wazazi wengi waliona shule inawachelewesha watoto. Ndizi zilitaka mikono.

Mmoja wao alikuwa baba yake Tupokigwe. Binti huyo alikuwa mkimya, na hesabu zilimpiga chenga kila mtihani. Baba yake alikuwa ameshaniambia atakuja kumchukua akasaidie shambani. Nilimsihi, wapi!

Asubuhi hiyo chaki zilikuwa zimeisha. Nikamgawia kila mtoto punje za maharage, nikasema, "Hii ni miche ya migomba, ishirini na minne. Ipandeni kwa mistari iliyo sawa. Jibu si moja. Kila mtu apande anavyoona."

Mwanangu, darasa lililozoea kuimba jedwali la kuzidisha kwa sauti moja likachemka! Huyu kapata mistari minne ya sita sita, yule mitatu ya nane nane, wengine karibu washikane mashati. Sikuwaamua. Niliwaacha wabishane, huku nikicheka mwenyewe.

Mara Tupokigwe akasimama. Punje yake moja ilikuwa imepotea.

"Mwalimu, yangu inakataa! Ishirini na tatu haipangiki. Ni mstari mmoja mrefu, basi!"

"Una uhakika?"

"Nimejaribu mbili mbili, tatu tatu, hadi kumi na moja kumi na moja. Kila mara kuna zinazobaki."

Nikaligeukia darasa. "Nani ataniletea namba nyingine kaidi kama hiyo?"

Weee! Waliacha madawati, wakapiga magoti sakafuni, wakaazimana maharage. Hapo ndipo baba yake Tupokigwe alipotokea mlangoni, viatu vimejaa tope.

"Nimemfuata binti yangu," akasema.

Tupokigwe hakuinua hata kichwa. "Baba, subiri kidogo. Ishirini na tisa nayo inakataa!"

"Inakataaje? Mimi nimepanda migomba maisha yangu yote."

Akachuchumaa pale pale. Akapanga, akavuruga, akapanga tena, binti yake akimwelekeza. Mwishowe akaniangalia. "Mwalimu, kumbe huyu ana akili namna hii?"

"Anazo. Sisi ndio hatukuwahi kumuuliza hivi."

Akainuka. Kisha akasema, "Ndaga, mwalimu," akinishukuru kwa Kinyakyusa, akaondoka peke yake. Kesho yake, kabla ya kengele, nikamkuta baba huyo mlangoni kwangu anacheka: "Thelathini na saba! Imenishinda kabisa!"

Tupokigwe alibaki shuleni. Alifaulu kwenda sekondari, na hesabu ndizo alizokuja kuzipenda kuliko masomo yote.

Basi wewe unayeanza kufundisha, lishike hili. Usiwe na haraka ya kumpa mtoto njia yako. Mpe swali lenye milango mingi, kisha nyamaza, aingilie anapotaka. Akikosea, muulize ameonaje, na umsikilize kweli. Mtoto aliyezichezea namba kwa mikono yake haziogopi tena.

Mungu akujalie darasa lenye kelele za namna ile, mwanangu, na akupe moyo wa kuzifurahia.