Lori Lililoachwa Mvuani

Jana, nikisubiri lori ninaloendesha lizibwe pancha pale Arua, niliwasikia vijana wakibishana kuhusu gemu bora ya mwaka. Nilikuwa nimechoka mno hata nikashindwa kucheka. Lakini nilikikumbuka kibanda cha Musa kule Koboko, tulikocheza gemu za kompyuta utotoni, na harufu ya petroli ya jenereta iliyochanganyika na ya muhogo wa kukaanga.

Alasiri moja Musa alitupigisha kura ya gemu ya mwaka. Kila mtoto alitupia kizibo cha soda kwenye kopo la gemu aliyoipenda, na itakayoshika mkia ingefutwa. Wenzangu walichagua mpira. Mimi peke yangu nilichagua gemu ya lori lililokwenda usiku kucha mvuani.

"Hii gari inatembea tu," alilalamika dada yangu Amina. "Goli iko wapi?"

Musa akaifuta palepale. Nililia njia nzima ya kurudi nyumbani, nikiamini dereva wa lori lile ameachwa gizani na njaa yake.

"Wacha kulia," Amina alinibembeleza. "Hakuna mutu ndani."

Sikumwamini. Siku hizi, nikiwa na mgongo huu unaouma kwa kuendesha usiku kucha, najua kwamba kati yangu na dereva yule, ni yeye aliyepata kupumzika.