Dagaa wa Mwambani

Teodora alianza kuuza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, mwaka ule mumewe alipopunguzwa kiwandani, wakati viwanda vilipokuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine na watu wanaambiwa biashara ni ruksa, kila mtu ajitafutie. Yeye alijitafutia kwa magunia na mdomo. Mdomo ndio uliomfikisha mahakama ya mwanzo.

Alishitakiwa kwamba alitia mchanga kwenye magunia manane ya dagaa ili yaongezeke uzito, akajipatia mali ya Mihayo, mfanyabiashara wa Shinyanga, kwa udanganyifu. Kosa hilo lina kifungo. Nyumbani alikuwa na Odeta, kidato cha pili, na wadogo zake watatu. Baba yao alikwenda Geita kutafuta dhahabu, na tangu Pasaka hajaleta hata salamu.

"Shemeji, kiri tu," Machibya, mdogo wa mumewe, alimwambia asubuhi ile nje ya mahakama. "Watakupiga faini, ndugu tutachanga, urudi kwenye meza yako. Ukibisha watakuweka ndani."

"Nikiri nini?"

"Chochote watakachosoma."

"Nisimame pale niseme nilitia mchanga, na sikutia? Huo si ndio uongo wenyewe?"

"Ee, leo umekuwa mtakatifu. Mbona sokoni unasema mengi?"

"Sokoni siapi."

Ukweli ni kwamba dagaa wale walitoka Igombe, na waliwekwa juani juu ya mchanga wa ufukweni. Dagaa mbichi akilala mchangani huamka nao, hakuna anayemtilia. Wanaoanikwa juu ya mawe, huko visiwani, ndio safi, na ndio wenye bei. Kwa hiyo pale Mwaloni kila mama aliita dagaa wake wa mwambani. Aliyesema wa mchangani alirudi nyumbani na magunia yake. Mnunuzi mzoefu hakusikiliza maneno hayo. Alichota dagaa wachache, akawatia mdomoni, akatafuna. Kama mchanga upo, meno humwambia.

Mahakamani Teodora alikana. Mihayo akaapa, akaeleza jinsi wateja wake Shinyanga walivyomrudishia mzigo na kumtukana. Alieleza vizuri, mpaka karani akawa anatikisa kichwa kwa huruma huku akiandika. Teodora aliliona hilo. Aliona pia wafanyabiashara watano wa dagaa waliokaa benchi la nyuma kusikiliza.

"Mshitakiwa, una swali kwa shahidi?" hakimu aliuliza.

Teodora akashika ubao wa kizimba.

"Kaka Mihayo, una muda gani kwenye dagaa?"

"Mwaka wa nne huu."

"Siku ile ulitafuna, au hukutafuna?"

Mihayo alitazama nyuma. Kusema hakutafuna mbele ya watu wale ilikuwa sawa na mfugaji kusema amenunua dume bila kulitazama meno.

"Nilitafuna. Mimi si mgeni wa kazi hii."

"Ukasikia nini?"

Akatazama tena benchi la nyuma.

"Jibu," hakimu alisema. "Umeapa."

"Mchanga kidogo."

"Ukafanyaje?"

"Nikaomba upunguze bei."

"Sikupunguza?"

"Ulipunguza."

Mmoja wa wazee wa baraza aliokaa nao hakimu alikohoa, akaficha mdomo kwa kofia yake. Machibya, kwa mbali, alimwashiria shemeji yake akae, asiongeze neno. Lakini zamu ya Teodora ya kuapa ilifika, akashika Biblia.

"Mchanga sikutia," alisema. "Ila nilimwambia ni dagaa wa mwambani, na nilijua ni wa Igombe. Hilo nililisema."

"Mama, unajua unajichongea?" hakimu alimwuliza.

"Najua, mheshimiwa. Nihukumuni kwa nililosema, si kwa nisilolifanya."

Hakimu akashauriana na wazee. Kisha akasema kwamba sheria haifungi kila mwongo, humfunga yule ambaye uongo wake umemfanya mwenzake atoe mali yake. Huyu bwana alisikia mchanga kwa meno yake mwenyewe, akapunguziwa, akanunua. Maneno ya mwambani hayakumpotosha. Mshitakiwa yuko huru.

"Lakini mwombe radhi," aliongeza. "Hapa hapa."

Teodora akageuka. "Kaka Mihayo, nisamehe kwa kukwambia ni wa mwambani. Na wewe je? Ulikwenda polisi ukasema nimekutilia mchanga, na mchanga huo ulikuwa umeshautafuna na kupunguziwa. Uongo wangu uliujua papo hapo. Wako umenilaza mahabusu siku mbili, watoto wangu hawajui niko wapi."

"Mama, inatosha."

"Samahani, mheshimiwa, naomba kuuliza. Kuwaambia polisi uongo juu ya mtu, sheria inasemaje?"

Hakimu aliweka kalamu chini. "Ni kosa," alisema.

Karani alikuwa ameshafungua kijilango cha kizimba. Teodora hakutoka.

"Basi na yeye aombe radhi. Namsubiri," alisema.

Mihayo akasimama taratibu, akavua kofia.