Barua za Mageto Baada ya Mazishi

Mimi nikikasirika husema, na leo nitasema. Hapa saiba yangu, duka la intaneti mjini Kericho, watu hufungua imeili zao, wakimaliza wanainuka na kwenda zao, kila kitu wazi, kama mtu aliyeacha mlango bila kufuli akaenda sokoni. Nimewaambia mpaka koo likakauka. "Rodah, wewe una maneno mengi," wananijibu. Haya basi, sikieni ya Nyamusi.

Nyamusi ni mchuma chai, Mkisii aliyehamia huku na mumewe Mageto wakiwa bado vijana. Walinunua kashamba ka majani chai nje ya mji, wakamlea binti yao Mongina, ambaye sasa anafanya kazi Doha. Nyamusi ni mama mpole, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, na akicheka hufunika mdomo. Mageto alipofariki mwaka jana, mkewe hakulia mbele za watu. Alikuja kwangu Jumamosi moja, akaketi kwa kompyuta ya kona, akaniuliza, "Rodah mwanangu, nikimwandikia baba Mongina kwa imeili yake, itafika?"

"Itafika, mama. Ila hakuna wa kuisoma."

"Hiyo haidhuru."

Basi kila Jumamosi akawa anaandika kwa kidole kimoja. Alimweleza kwamba ng'ombe amezaa, ua umeanguka upande wa mto, goti linamsumbua, hati ya shamba bado iko kwenye sanduku la bluu chini ya kitanda. Kanisani hakumwambia mtu, maana wangesema anaongea na mizimu. Nilimhurumia, nikamtunzia siri.

Kisha Mageto akajibu.

Ilikuwa mchana, mvua ya mawe inapiga mabati kama ilivyo desturi yetu. Nilimwona Nyamusi ameweka kiganja chake juu ya kioo cha kompyuta. Nikasoma juu ya bega lake: "Mama Mongina, nimezisoma zote. Goti linaendeleaje? Yule ndama ni dume ama jike?"

Woi! Nywele zilinisimama. Mtu huyo tulimzika, na udongo niliurusha kwa mkono wangu huu.

"Ni yeye," Nyamusi akasema polepole. "Ndivyo alivyokuwa akiniita."

Toka siku hiyo akawa anakuja amevaa rinda la kanisani, amejipaka mafuta. Mageto alimjibu kila mara, na alijua kila kitu cha boma lile. Mimi niliogopa kabisa. Hata kuifagia ile kona niliacha. Ndipo ikaja hii: "Jumanne asubuhi toa hati ya shamba sandukuni, iweke chini ya gunia kwa banda la ng'ombe. Nitapita kuichukua. Usimwambie mtu, hata mtoto wetu."

"Nitaiweka," Nyamusi akasema, macho yanang'aa.

Hapo woga wangu uligeuka hasira. "Mama, marehemu anataka hati ya nini? Huko aliko analima chai?" Nikamwonyesha mstari mdogo chini ya barua, ule ambao hakuna anayeusoma: Imetumwa kutoka kwa simu yangu. "Simu ya Mageto iko wapi?"

Akafikiri. Baada ya mazishi ukoo uligawana vitu vya marehemu, kama inavyotakiwa kwao. Panga lilienda kwa mjomba. Koti la kijivu na simu alipewa mdogo wake Mageto, Gibson. Koti walilikung'uta mifuko yote kwanza. Simu hakuna aliyekumbuka kuifuta. Ilitolewa imeili ya mwenyewe ikiwa bado wazi ndani yake.

"Gibson hawezi," akasema. "Wewe hutaki tu niwe na mtu."

Maneno hayo yaliniuma, kusema kweli. Nikamwambia amuulize huyo anayemjibu jambo ambalo hajawahi kumwandikia, wanalolijua wao wawili tu. Alikataa, eti mke hamjaribu mumewe. Mwishowe akaandika: "Siku ya mwisho hospitalini uliniomba nini?"

Tukangoja. Mvua iliyokuwa ikinyesha nje ikakatika. Jibu likaingia: "Nilikuomba unitunzie shamba."

Nyamusi alilisoma, akalirudia. Kisha akalia kilio chote ambacho hakulia siku ya mazishi, na wateja wangu wakatoka nje mmoja mmoja. Jibu la kweli hakuniambia, nami sikuuliza. Alipotulia alijifuta uso, akaandika: "Sawa. Nitaiweka."

Hati aliniletea, nikaifungia kwa kabati yangu ya chuma. Jumanne tukaketi ndani ya banda, mimi na yeye, nyuma ya ng'ombe. Ukungu ulikuwa mzito, hata mstari wa pili wa majani chai hauonekani. Ndipo koti la kijivu likatokea, bega moja limeshuka, mwendo ule ule wa Mageto. Mbwa wao, ambaye hubwekea hata mchungaji, alikwenda kumlaki akitikisa mkia. Nyamusi alinishika mkono nikaumia. Najua aliamini tena. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliamini.

Mtu yule akaingia, akainama, akainua gunia. Alikuwa Gibson.

"Shemeji," Nyamusi akasema.

Gibson akaruka, gunia likamponyoka.

"Siku ile ya mwisho kaka yako aliniomba nimkate kucha," Nyamusi akasema. "Alisema hataki kwenda kwa Mungu na kucha za utomvu wa chai. Nikamkata zote. Sasa vua koti lake."