Nyekundu Jumapili, Manjano Jumatatu

"Je, mtoto wangu wa kike aende, au mtoto wangu wa kike akae?"

Swali hilo niliulizwa na simu, kwa Kiswahili cha mmisionari aliyeshuka melini jana. Nilikuwa katika karakana ya kuchapa tisheti mjini Bangkok, mikono imejaa wino wa manjano hadi kwenye viwiko. Aliyeishika simu ni mama aliyekuwa akiuma midomo. Mimi nina shahada ya sayansi ya siasa. Niliandika tasnifu nzima kuhusu raia na dola, ikafungwa kwa jalada gumu jeusi. Swali hilo halikuwamo.

Kilichonipeleka Bangkok si hiyo shahada bali goti la Shangazi Ndunge. Ninakaa naye mtaa wa Pipeline, Nairobi, ghorofa ya sita, upande ambao nguo hukauka kwa imani tu. Shangazi anauza tisheti karibu na soko la Gikomba, na uchaguzi ukinukia huchukua oda za wawaniaji. Safari hii mwaniaji wa wadi alitaka tisheti za manjano zenye uso wake, na zitoke Thailand. Kampeni iliyopita alinyeshewa jukwaani, na uso wake ukatiririka kutoka vifua vya wafuasi hadi kwenye viatu.

Mara zote Shangazi huenda mwenyewe. Mwaka huu goti lilikataa.

"Si wewe ulisomea siasa, Mwende?" aliniambia. "Basi hii ndiyo siasa. Enda uibebe."

"Shangazi, huyu mtu utampigia kura?"

"Nani amesema kura? Mimi namtengenezea shati. Na hiyo mdomo yako ya maswali usipite nayo uwanja wa ndege."

Nikafunga begi. Mtu wa mitaa yetu ya Eastlands hanunui tisheti ya kulalia, ya kufulia wala ya kusafiria. Huletewa na wanasiasa, nao huzirusha kutoka juu ya magari kama mtu anayelisha kuku. Begini niliweka nyekundu, ya manjano, ya kijani na ya rangi ya chungwa, kila moja na mheshimiwa wake akitabasamu. Sikuwaza hata dakika moja. Kwetu shati la chama halisemi unampenda nani, linasema tu ulisimama wapi gari lilipopita.

Jumapili, saa sita mchana, nilifika kwenye kichochoro nyuma ya soko la Pratunam, nikiwa nimevaa nyekundu. Chini ni karakana, juu ni nyumba. Wenyeji wangu walikuwa watatu. Pa Noi, mwenye biashara. Pa ni shangazi kwa lugha yao, kwa hiyo nilitoka kwa shangazi mmoja nikaangukia kwa mwingine. Lung Chai, mumewe. Lung ni mjomba. Na binti yao Fon, mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa mkalimani wangu kwa Kiingereza.

Lung Chai alipoiona tisheti yangu aliweka mkono kifuani. Akanishika kiwiko, akanipeleka kwenye kabati na kunionyesha shati jekundu lililokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki, kama cheti cha ndoa. Macho yakamlowa. Pa Noi aliniwekea maji mezani bila kunitazama.

Jumatatu asubuhi nilishuka na ya manjano. Sasa Pa Noi ndiye aliyetabasamu, akaniongezea yai. Lung Chai alichukua bakuli lake akaenda kula kwenye kigoda mlangoni, mgongo kwetu. Nilidhani nimemkosea, hadi Fon aliponieleza kwamba kule mlangoni ndiko anakokula siku zote.

"Lakini wewe," akasema, "umehama chama kwa siku moja?"

"Kwetu siku moja ni nyingi. Kuna waheshimiwa wamehama kabla chai haijapoa."

Fon akageuka, akawaambia wazazi wake jambo fulani, na wote wawili wakainamisha kichwa kwa heshima. Nikamuuliza amesema nini.

"Nimesema unafuata rangi za siku. Ni desturi ya zamani hapa, kila siku ina rangi yake. Jumapili nyekundu, Jumatatu manjano. Umeponea hapo. Sasa kesho lazima uvae waridi."

"Sina ya waridi. Hakuna mwanasiasa wetu aliyethubutu."

Akaniazima yake.

Jumanne, tukiwa kazini, nilielezwa ugomvi wenyewe. Nitausema kwa ufupi, maana wenyewe hawausemi kwa ufupi. Lung Chai anatoka kaskazini-mashariki kwa wakulima wa mpunga, nako kulivaliwa nyekundu. Pa Noi ni mtoto wa karani wa mjini, na kwao walivaa manjano, rangi ya watu wa kiti cha enzi. Kwa miaka mingi kambi hizo mbili zilipokezana barabara. Hawa wakiwa serikalini, wale wanaziba njia. Wale wakiingia, hawa wanaziba. Wanajeshi wakawa wanakuja kuamua kwa kuchukua nchi nzima, kama mzazi anayewanyang'anya watoto mpira na kuanza kuucheza yeye.

Katika miaka hiyo yote ya vurugu, Pa Noi na Lung Chai walikula meza moja. Kilichowatenga ni amani. Chama cha Lung Chai kilipeana mikono na walewale waliowahi kukipindua, ili kipate serikali. Lung Chai alivua shati lake akalitia kwenye plastiki, na Pa Noi akacheka. Alicheka mara moja tu. Tangu kicheko hicho Lung Chai hula mlangoni, na sakafu ya karakana ina utepe mweupe katikati: mashine za mama huku, za baba kule.

"Kwetu pia wanapeana mikono," nikamwambia Fon. "Wakubwa wanakunywa chai pamoja, na sisi huku chini tunabaki kutoongea na jirani."

Shida ya utepe ule ni kwamba fremu ya kuchapia haijui siasa. Ni kubwa kama mlango na haishikwi na mtu mmoja: mmoja huikandamiza kwenye kitambaa, mwingine huvuta wino. Ikiteleza kidogo, uso wa mheshimiwa unapata pua mbili. Kwa hiyo Fon alikuwa akivuka utepe mchana kutwa, akimshikia huyu kisha yule. Wiki hiyo kazi ya upande wa mama nikapewa mimi.

Jumatano nilivaa kijani, siku yake. Pa Noi aliangalia uso uliokuwa kifuani mwangu kwa kupenda kujua.

"Anauliza, huyu bwana alishinda?" Fon akatafsiri.

"Alianguka vibaya sana."

"Anasema, na bado unamvaa! Ni uaminifu mkubwa."

"Mwambie si uaminifu. Ni pamba nzuri. Ikichakaa nitaipigia deki."

Fon alinikazia macho. "Hiyo sitafsiri."

"Kwa nini? Ni ukweli."

"Mwende, hapa watu wameuawa wakiwa ndani ya shati. Unataka nimwambie mama kwamba nyinyi mnapangusia sakafu?"

Niliona haya, na mimi nikiona haya huwa mkali. "Kwetu pia watu wameuawa. Ila muuaji wetu haangalii shati. Anakuuliza jina la pili, apate kujua kabila lako."

Fon hakutafsiri hilo pia. Tukarudi kwenye fremu, tukachapa nyuso ishirini.

Alhamisi nilishuka na rangi ya chungwa na Pa Noi akaguna. Hiyo, nilielezwa, ndiyo rangi waliyoipenda wenzake Fon, vijana wasiotaka kusikia habari za wekundu wala za manjano. Asubuhi hiyo wanawake wawili wa makamo walileta oda ya haraka ya tisheti za manjano, ziwe tayari Ijumaa jioni. Walipoondoka, Lung Chai alisema neno kutoka upande wake wa utepe, bila kumwelekea mtu.

"Anasema Jumamosi kuna maandamano," Fon akaniambia. "Serikali ina majasusi, sisi tuna oda."

Ndipo mambo yote yalipojitokeza. Jumamosi vijana wangekusanyika upande mmoja wa daraja kubwa, kudai waliopeana mikono waondoke. Watu wa manjano wangekaa upande wa pili kuwazuia. Katikati, polisi. Pa Noi alikuwa anawachapia hawa wa pili, na binti yake alikuwa anakwenda kwa wale wa kwanza.

"Mtakuwa wangapi?" nikamuuliza Fon.

"Hakuna ajuaye. Zamani baba angehesabu mashati akakwambia. Sisi hatuagizi. Shati linamwonyesha polisi pa kupiga."

Ijumaa Pa Noi alisimamisha kazi. Akanena maneno mengi, kwa kasi, macho yake kwangu, mkono ukimwelekea Fon. Nikamgeukia mkalimani.

"Anauliza kama unakipenda chakula," Fon akasema.

"Dakika tatu nzima za chakula?"

"Ana maswali mengi kuhusu pilipili."

Pa Noi hakujua Kiingereza, lakini alimjua mtoto wake. Akatoa simu mfukoni, akatafuta lugha yangu kwenye orodha, akaisemea. Simu ikafikiri. Kisha ikauliza: "Wewe katika nchi yako ulitembea barabarani. Je, mtoto wangu wa kike aende, au mtoto wangu wa kike akae?"

Hata Lung Chai alizima mashine yake.

Ni kweli nilitembea barabarani, yaani niliandamana, na Fon nilikuwa nimemwambia. Mwaka ule vijana tulipojaza katikati ya jiji kwa maandamano, nilitoka Pipeline nikiwa na viatu vya kisigino na faili kwapani, nikamwambia Shangazi nimeitwa mahojiano ya kazi. Nilipiga mayowe, nilikula gesi ya kutoa machozi, nilikimbia, na nikarudi na kiatu kimoja. Shangazi akauliza, "Mahojiano yalienda aje?" Nikamwambia, "Poa tu, watanipigia." Akautazama mguu wangu mtupu kwa muda, kisha akaendelea kuchambua maharagwe. Si wote waliotoka siku ile waliorudi. Ningemwambia nini mama huyu? Mimi sikuomba ruhusa, kwa hiyo sijawahi kujua ruhusa inamgharimu nini anayeitoa.

"Sijui," nikaiambia simu.

Ikageuza neno langu moja kuwa Kithai. Pa Noi akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo ndilo alilolitarajia kutoka kwa mtu aliyesoma, akarudi kwenye fremu. Tukaendelea na manjano.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Fon alishuka ngazi akiwa na tisheti nyeupe isiyo na neno lolote, imepigwa pasi hadi ina makali. Aliikuta imewekwa mlangoni pa chumba chake. Akapiga magoti kuwaaga wazazi wake, mikono pamoja, mama kwanza, kisha baba. Hakuna aliyesema aende wala akae. Lung Chai alisogeza kigoda chake ili apite.

Hatukuchapa chochote siku hiyo. Pa Noi alifagia sakafu iliyokuwa safi. Saa tisa mvua ilianguka kama mtu amepasua pipa. Saa kumi na moja Fon aliingia, amelowa chapachapa, akacheka kabla hatujamuuliza.

"Tulipiga kelele kwa muda wa saa tatu," akasema. "Mvua ikaja. Tukakimbilia chini ya daraja. Na wa manjano wakakimbilia chini ya daraja hilohilo. Sasa utamzomea vipi mtu aliyekukanyaga kidole? Bibi mmoja aliniambia nitapata mafua. Polisi, wao walibaki mvuani, ngao kichwani."

Akapanda juu kubadilisha nguo. Akakaa huko muda mrefu kuliko tisheti moja inavyohitaji. Aliposhuka alikuwa na macho mekundu, akaenda moja kwa moja mlangoni, akachukua kigoda cha baba yake na kukiweka mezani. Lung Chai alisimama kidogo, kisha akakifuata. Tukala wanne, meza moja. Pa Noi akamsogezea mumewe samaki upande wenye nyama.

Nikaandika kwenye daftari langu, kwa furaha ya mtafiti: mvua imewapatanisha. Nikaongeza na tanbihi kuhusu nafasi ya hali ya hewa katika migogoro.

Jumatatu nilirudi Nairobi. Shangazi alinipokea mlangoni, mkono kwenye goti.

"Umezileta?"

"Zote. Hata ukizichemsha uso hautoki."

"Ni vizuri. Huyo mtu amehama."

"Amehama wapi?"

"Chama. Sasa yeye ni kijani. Na usinicheke, Mwende."

Nilicheka hadi nikaketi kwenye ngazi. Mzigo uligawiwa ghorofa kwa ghorofa. Leo ukisimama chini ya jengo letu, utauona uso wa mwaniaji ukipepea kwenye kamba kila roshani, umelowa na bado unatabasamu. Wafuasi wake wote wanampigia deki. Wino haujatoka.

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, nilimwambia Shangazi kwamba siku ya kile kiatu hapakuwa na mahojiano.

"Kwani mimi ni mjinga?" akasema. "Nani huenda mahojiano na kitunguu cha kuzuia gesi kwenye mkoba?"

Nilidhani safari imeishia hapo. Lakini mwaka uliofuata Fon alinitumia picha ya ile tisheti nyeupe, imegeuzwa ndani nje. Chini mgongoni, upande unaogusa ngozi, pamechapwa jina lake, kundi lake la damu, na namba mbili za simu: ya mama kwa wino wa manjano, ya baba kwa wino mwekundu. Maandishi hayo aliyaona alipoivua, siku ile ya mvua. Mistari imenyooka, herufi hazikuteleza hata kidogo. Fremu ile haishikwi na mtu mmoja, Fon hakuishika, na wala sikuishika mimi.