Bunduki Zote Nilizitaja Mimi

Hii stori inanionyesha mjinga, najua. Ndo maana najicheka mwenyewe kabla hamjanicheka nyie.

Nilikuwa na mchumba pale mtaani kwetu Gerezani. Mimi darasa la saba nimemaliza, naziba pancha za baiskeli Kariakoo, na cha maana nilichokuwa nacho ni mdomo. Baba yake alikuwa hajanikubali wala hajanikataa. Akasema, "Mpeleke sinema, lakini mjomba wake aende nanyi." Basi Jumapili mchana tukaenda watatu, mjomba kakaa katikati yetu kama ukuta. Mjomba mwenyewe ndo alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi.

Picha ilikuwa ya kutisha. Maiti imefufuka, inazurura mjini inanyonga watu, polisi wa Kizungu wanaimiminia risasi, haifi. Mchumba kajifunika khanga usoni. Nikaona hapa pa kumtoa woga, nikaanza kutaja bunduki. Wakati ule nilikuwa mgambo, lakini mgambo wa kwata tu: bunduki zetu za mbao, na risasi tunazipiga kwa mdomo, pa! pa! Za kweli nilikuwa nimeziona kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

"Hiyo SMG! Hiyo bombom, cheki inavyotema!" Akatokea mzee wa Kizungu na kitu kirefu. "Gobole hilo! Babu, kwa hilo hata kwale humpati!"

Safu nzima hoi. Khanga ikashuka, mchumba anacheka. Mjomba akanigeukia.

"Kijana, zote hizi unazijua?"

"Mjomba, niamshe usingizini, nakutajia."

"Na kuzitumia?"

"Kama kijiko."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kaniangalia kwa heshima. Nikajua hapo nimeshaoa.

Kagera ikavamiwa, mgambo wakatakiwa waende vitani. Kwenye mkutano wa mtaa mjomba akasimama akaninyooshea mkono. "Wa kwanza huyu hapa. Bunduki zote anazijua, nimemsikia kwa masikio yangu." Watu wakapiga makofi. Ningesema nini? Kwamba nimeshika mti tu? Mbele ya mchumba na baba yake? Nikapiga saluti ya kuchekesha, wakacheka, na mimi nikacheka.

Ya huko sielezi. Nasema hili tu: sikutaja jina la bunduki hata mara moja. Inalia, unalala kifudifudi, halafu unaangalia kama mwenzako wa pembeni anainuka.

Nilirudi na mkono wa kushoto haukunjiki. Jaribu kuziba pancha kwa mkono mmoja, utanieleza.

Mchumba nilimkuta sokoni Kariakoo, kule ghorofa ya chini tunakoita shimoni, kwenye nyanya, ana mtoto mgongoni.

"Hukuningoja," nikamwambia.

"Mjomba alisema nikungoje. Eti mtu anayezijua bunduki zote haimpati hata moja. Baba akasema anayezijua zote ndo anawekwa mbele, harudi huyo. Akaniozesha."

"Na wewe ulisemaje?"

Akageuza nyanya mkononi, akairudisha kwenye fungu.

"Mimi nilikuwa nawaona mkipiga kwata pale uwanjani na miti yenu, pa, pa. Toka sinema nilijua unamdanganya mjomba. Sasa ningesemaje, na mimi nilikuwa nataka akupende?"