Bi Kuanzia na Kiti cha Fundi

Jina lake halisi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini tulimwita Bi Kuanzia, na wa kulaumiwa ni yeye mwenyewe. Ukiomba ruhusa, ukiazima chaja yake, ukimwambia una mafua, swali lake lilikuwa moja: "Kuanzia lini, hadi lini?" Mdogo wangu alipoolewa nilimpelekea Bi Kuanzia kadi ya mwaliko. Akaisoma mbele, akaigeuza nyuma, akaniuliza mbona wameandika saa ya kuanza bila saa ya kumaliza. Nikamwambia, "Dada, hii ni harusi, si mkutano wa bodi." Akasema, "Hata hivyo." Mumewe, dereva wa lori, mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa, aliwahi kuniambia kwamba siku alipomposa aliulizwa hivyo hivyo, naye akajibu, "Hadi utakaponichoka." Anadai jibu lake bado linachunguzwa.

Mimi ni muuguzi, msimamizi wa chumba cha kusafishia damu. Kwa asiyejua: watu ambao figo zao zimegoma huja kwetu mara tatu kwa wiki. Wanalala kwenye viti virefu, damu inatoka kwa mrija, inapita kwenye mashine, inarudi mwilini ikiwa safi. Mtu akikosa siku moja, miguu inavimba na pumzi inakuwa nzito. Akiendelea kukosa, anakufa. Viti ni vichache na wanaovihitaji ni wengi, kwa hiyo pale kwetu hakuna mzaha kuhusu nani anakaa wapi.

Aliyehakikisha hilo ni Bi Kuanzia. Alikaa chumba cha pembeni chenye feni iliyokuwa ikilia kuliko kupuliza, akitunza kanzidata ya hospitali, yaani ile hazina ya ndani ya kompyuta ambamo kila mgonjwa ana mstari wake kwenye jedwali: kiti gani, zamu gani, kuanzia lini, hadi lini. Kabla hajaja tulikuwa na programu moja ya hovyo ambayo Mungu aniwie radhi kwa niliyoitamkia. Watu wawili kwenye kiti kimoja lilikuwa jambo la kawaida, na mimi ndiye niliyekuwa nikiingia katikati yao kuamua ugomvi nikiwa nimevaa glavu.

Wiki yake ya kwanza alikuja ofisini kwangu, akachukua bandeji mbili mpya bila hata kuomba, akazikunjua juu ya meza yangu ya chai. Moja ndefu, moja fupi. Akaweka ile fupi juu ya ndefu, katikati.

"Programu yenu inauliza kama mgeni ameanza ndani ya muda wa mwenzake," akasema. "Sasa mgeni huyu mrefu ameanza kabla ya mfupi, akamaliza baada yake. Ukiuliza hivyo tu, anapita. Na wamelaliana hivi!"

"Naona. Na bandeji zangu naziona pia."

"Swali ni hili: wa kwanza anaanza kabla wa pili hajamaliza? Na wa pili anaanza kabla wa kwanza hajamaliza? Ukijibiwa ndiyo mara mbili, wanagongana. Hayo tu, Sista. Huhitaji kitu kingine."

Kisha akauliza kitu ambacho sikuwahi kukifikiria maishani. Zamu ya kwanza ni ya saa moja hadi saa tano, na ya pili saa tano hadi saa tisa. Je, saa tano yenyewe ni ya nani? Nikasema ni ya wote. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, kana kwamba nimetukana. Kwake, mwanzo wa kipindi umo ndani na mwisho wake haumo. Saa tano ni ya anayeingia. Kwa hiyo vipindi viwili vinaweza kupakana bila kugombana, na hakuna haja ya ule ujanja wetu wa kuandika saa tano kasoro dakika moja. Halafu akaiweka sheria hiyo ndani ya kanzidata yenyewe: kiti kimoja, zamu moja, vipindi viwili visilaliane. Ukijaribu kumchomeka mtu, mashine inakataa, hata ukiwa nani. Mkurugenzi alijaribu mara moja kwa ajili ya shemeji yake, ikamkatalia, akaja kucheka na sisi. Nilimpenda mwanamke yule kuanzia siku hiyo, na sioni aibu kusema.

Lakini alikuwa na ukaidi wake. Hakuvumilia kisanduku kitupu. Kila kisanduku kwenye jedwali lake kilipaswa kujazwa, na kile cha "hadi lini" pia, la sivyo mstari hauhifadhiwi. Kwake yeye kuacha nafasi tupu ulikuwa uvivu wa mwandishi. Dada wa mapokezi, aliyekuwa akiingiza majina, angefanya nini? Mgonjwa wa figo hajui atamaliza lini, na daktari wake hajui. Akawaandikia wote tarehe moja, mwisho wa mwaka, akaendelea na kazi zake. Hakuna aliyeliona hilo mpaka mwaka ulipokwisha.

Siku ya kwanza ya kazi ya mwaka mpya, asubuhi, orodha ya leo ilikuwa imejaa wageni. Wagonjwa wetu wa siku zote hawakuwamo hata mmoja. Hospitali nyingine ilikuwa imeharibikiwa na mashine, ikatuomba nafasi, na kompyuta ikawagawia watu wake viti bila wasiwasi wowote. Kwa nini isigawe? Kwa hesabu zake, wenye viti walikuwa wamemaliza muda wao wote kwa siku moja.

Ilikuwa vurugu. Watu wetu walipiga kelele, na walikuwa na haki. Nikafungua zamu ya jioni, nikapiga simu, nikabembeleza, nikafoka, nikawabana hapa na pale mpaka jasho likaniingia machoni. Bi Kuanzia alikuja mbio na kompyuta yake ya mkononi kifuani. Alisimama kwenye korido, akasoma tarehe zile, na nikamwona uso ukimshuka. Dada wa mapokezi alikuwa ameshaanza kulia.

"Usilie," akamwambia mbele ya watu wote. "Nilikulazimisha kuandika kitu usichokijua. Kosa ni langu." Kisha akawageukia wagonjwa akalirudia, kwa sauti, bila kujipunguzia hata kidogo. Nimefanya kazi na mabingwa wengi. Wanaofanya hivyo nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vinabaki.

Akakaa chini palepale sakafuni, akaiuliza kanzidata swali: nani alikuwa na kiti cha leo mpaka mwisho wa mwaka, na sasa hana? Yakatoka majina. Tukayasoma moja moja, kila aliyepo akaitika. Jina moja halikuitikiwa.

"Fundi yuko wapi?" akauliza.

Fundi ni mzee mshonaji, mwembamba, ambaye shati lake halijawahi kuwa na mkunjo hata siku anayokuja na homa. Si mtu wa kelele. Alikuwa amefika mapema kuliko wote, akakuta mgeni kwenye kiti chake. Dada wa mapokezi alimgeuzia skrini, akamwonyesha tarehe: nafasi yake imeishia mwisho wa mwaka. Akashukuru, akaondoka. Tulipopiga, simu yake haikupokelewa.

Bi Kuanzia alinishika mkono. "Twende."

"Dada, nina wagonjwa humu ndani."

"Kuanzia sasa hadi tutakapompata," akasema, na hakuwa akitania. Nikamwachia msaidizi wangu funguo.

Fundi anakaa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme, na humohumo ndimo anamofanyia kazi. Tulimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu imejaa maji, viatu havimwingii. Juu ya meza ya kukatia alikuwa amepanga vitambaa vya wateja, kila kimoja na karatasi yenye jina. Binti yake alikuwa anavitia kwenye mifuko, macho mekundu, ili avirudishe kwa wenyewe bila kushonwa.

"Mzee Fundi, mbona hukutusubiri?" nikamwuliza.

"Nilionyeshwa tarehe, Sista." Alikuwa anahema kila baada ya maneno mawili. "Nikajua madaktari wameshakaa, wameamua. Viti ni vichache. Na mimi nimekaa kwenye kile kiti muda mrefu. Sikutaka kuwasumbua."

Bi Kuanzia alipiga magoti mbele yake. Akasema, "Hakuna aliyeamua, baba. Ile tarehe ni uongo. Mimi ndiye niliyesababisha uandikwe. Nisamehe, na uinuke twende, kiti kinakusubiri."

Tulimbeba mimi na binti. Bi Kuanzia alitangulia kufungua gari, akaendesha kama mumewe. Jioni ile damu ya Fundi ilipita kwenye mashine mpaka mwisho, na pumzi ikamrudia.

Kesho yake Bi Kuanzia alianza kulibomoa jedwali lake mwenyewe. Visanduku viwili vya tarehe akavifanya kimoja, chenye kipindi kizima ndani yake, na akaruhusu kipindi kiwe na mwanzo bila mwisho. Kompyuta inakielewa vizuri kuliko sisi: kiti kina mwenyewe leo, kesho, mwaka ujao na ule wa baada yake, na yeyote atakayekiomba atakataliwa. Mkurugenzi akaingiwa na hofu. Wafadhili wanataka ripoti, na ripoti inataka tarehe ya kumaliza. Alikuja kwenye chumba cha feni na mimi nikiwepo.

"Weka hata ya kukisia," akamsihi.

"Ripoti ni ya mwezi, Bosi. Nitachukua kipindi cha mgonjwa, nikilaze juu ya mwezi, nikate pale vinapolaliana. Wafadhili watapata mwanzo na mwisho wao, siku zilizotumika zote. Ila hiyo ni ya karatasi yao. Kwenye mstari wa mgonjwa sikisii tena."

Mkurugenzi alimtazama, akanitazama mimi, akasema sawa.

Fundi alirudi siku yake ilipofika, binti yake nyuma yake amebeba shuka. Alikaa, lakini ukingoni, kama mtu aliyepanda gari bila tiketi. Nilipomfunga mirija aliniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, safari hii nimeandikiwa mpaka lini?"

Nilikwenda kumwita mwenye jibu. Bi Kuanzia akaja na kompyuta yake, akaiweka juu ya mapaja ya mzee, akamwonyesha mstari wake. Fundi akavaa miwani, akafuata kwa kidole: jina, kiti, zamu, siku aliyoanza. Kidole kikasimama.

"Hapa mbona patupu, mwanangu?"

"Hapo sina cha kuandika. Kiti ni chako kuanzia siku ile, basi."

"Basi?"

"Basi, baba."

Mzee alipatazama tena pale patupu. Kisha akasogea nyuma, akaegemeza mgongo, akanyoosha miguu kwenye kiti chote. Binti yake akajifunika uso kwa shuka, akaanza kulia kwa kwikwi.

"Sasa unalia nini na wewe?" akamwambia. "Chukua simu, mtafute yule bibi harusi niliyekataa kumshonea juzi. Mwambie aje nimpime."