Meza ya Kwenye Kishikwambi

Niliombwa niandike maneno ya Kiswahili kwenye programu ya kuwafundisha watoto kujikinga na tetemeko la ardhi. Nilikuwa nafundisha darasa la nne huku milimani, na kwa ujinga wangu nikajiona nimeheshimiwa. Kila Jumamosi nilishuka Same mjini kukaa na mkuu wa mradi, kijana kutoka Dar aliyevaa viatu vya kupandia mlima hata ofisini, chini ya feni.

Katuni yao ilikuwa mtoto mwenye chumba chake peke yake. Ardhi ikitikisika, anaingia chini ya meza, anashika mguu wa meza, anasubiri. Akitoka, anaonywa asipande lifti. Lifti! Nikauliza ni mtoto gani wa kwetu mwenye lifti.

"Mwalimu, hii ni ya taifa zima," akajibu bila kuinua macho. "Siyo ya kijiji chako."

Basi nikaandika, "Usipande lifti." Nikaongeza na alama ya mshangao. Niliandika mimi, hakuna aliyenishika mkono.

Siku ya majaribio watu wa mradi walipanda kwetu na gari lao, wakawagawia wanafunzi wangu vishikwambi. Muda si mrefu watoto wakagundua kwamba nyota za zawadi hutolewa kwa wepesi wa kidole. Wakawa wanabonyeza meza kwenye kioo hata kabla ardhi ya katuni haijatikisika.

"Wameelewa haraka sana!" mkuu wa mradi akasema, huku akipiga picha.

Msichana mmoja alikuwa hajabonyeza kitu. Mkuu akamwinamia. "Vipi, mama, imegoma?"

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Juu ya nyumba yetu kuna jiwe kubwa. Likianza kushuka, nibonyeze wapi?"

Akacheka, akamsifu kwa swali zuri, akapita. Nikamfuata, nikamwambia tuliongeze jiwe.

"Mawe hayamo kwenye mradi," akasema, akatazama saa.

Baada ya masomo nilimsindikiza yule msichana hadi kwao. Jiwe lilikuwepo kweli, kubwa kuliko banda lao la jiko, limekalia ukingo wa shamba la migomba. Yeye na wadogo zake walilala chumba kilicho chini yake kabisa. Mama yake alisema mvua ikizidi, udongo humeguka pale. Nilimwomba awahamishie watoto upande wa pili wa nyumba. Hakuhitaji katuni. Tulibeba kitanda pamoja saa ile ile.

Jumatatu niliacha hisabati. Kila mtoto akachora kwao: ukuta wenye ufa, mti ulioinama, mahali peupe pa kukimbilia mtikisiko ukitulia. Tulimaliza asubuhi nzima.

Programu ikazinduliwa mjini, kwenye ukumbi wa hoteli. Nikaitwa mbele kama mtaalamu wa lugha, nikapewa cheti, nikapiga makofi pamoja na wengine, Mungu anisamehe. Vishikwambi vikarudi Dar na gari lile lile, na tangu hapo sijamwona mtoto hata mmoja akiifungua programu yao.